Nililegea, Wakasema ni Roho

Baba alikataa kukatwa mguu mpaka mimi nimuombee. Hakumtaka padri, hakumtaka katekista wa kambini, wala ndugu zake walioshuka na basi kutoka Kitgum kuja kumtazama. Alinitaka mimi. Daktari alikwisha kueleza: sukari imekula kidole, imekula kisigino, sasa inapanda, na ikivuka goti hakutakuwa na la kuzungumza tena. Baba alisikiliza yote huku anatazama dari, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Mtakata. Lakini kwanza Lakica aombe."

Lakica ni mimi. Kwa upande wa mama naitwa Shamim.

Na mimi sijui kuomba. Mama yangu Rukiah ni Mnubi wa Makindye, nyumba za nyuma ya kambi ya jeshi. Nimekua nikimwona akitawadha, akitandika mkeka wake, akielekea upande anaoujua, akisema maneno ambayo hayajabadilika tangu kwa bibi yake. Baba, Tarcisio, ni Mwacholi na Mkatoliki. Alinibatizisha nikiwa mchanga, akanipa jina, akahamia kwa mwanamke mwingine kabla sijaanza kusimama. Nikabaki na jina la ubatizo lisilo na kanisa, na mkeka wa mama ambao sikuwahi kuukalia. Wakati watoto wengine wanafundishwa sala, mimi nilikuwa nasoma sheria za ardhi kwenye magazeti yaliyofungiwa samaki.

"Kwa nini mimi, Mzee?" nilimuuliza pale wodini. Simwiti baba.

"Mdomo wako," akasema. "Mafundi wa Katwe wakikamatwa, wewe unasimama mlangoni kwa polisi, unapiga kelele mpaka wanawatoa. Mimi nimeona. Basi kapige kelele na huko juu. Nitoe na mimi."

Hilo la mdomo ni kweli. Nachomelea sigiri, yale majiko ya mkaa, na milango pale Katwe, na chama cha mafundi kikitaka mtu wa kubishana na watu wa jiji, kinanituma mimi. Lakini baba kuusifu mdomo huo! Yeye ndiye aliyeuziba kwa mkono wake.

Alipotoka jeshini alipata kazi ya kuongoza walinzi wa kampuni moja ya watu binafsi. Tajiri mmoja aliyesema ana hati ya kiwanja kando ya reli, Namuwongo, akawakodi waje kuondoa vibanda. Kimoja kilikuwa cha mama, akipika maharage na chapati kwa wabeba mizigo. Tulikaa chini mbele ya vibanda, wengi wetu wanawake, na nilikuwa nimeshawafundisha: wakikushika, usipigane. Legea. Ukijikaza watakuvunja, ukirusha ngumi watakushtaki. Ukilegea inabidi wakubebe, na mtu aliyelegea ni mzito kuliko gunia la saruji. Walinzi walishindwa kuninyanyua. Basi baba akaja mwenyewe. Alinipitia nyuma, akanitia mikono makwapani, kiganja kimoja kikapanda kikanifunika mdomo, akaniburuta juu ya kokoto za reli mpaka kwenye gari. Hakusema neno. Sufuria ya mama ilikanyagwa, maharage yakamwagika. Nakumbuka rangi ya buti zao. Nakumbuka mlinzi mmoja mwenye kovu shavuni aliyekuwa karibu na ile sufuria, na tangu siku hiyo, popote nilipopewa kipaza sauti, nilimtaja kwa kovu lake kuwa ndiye aliyeikanyaga.

Mtu huyo huyo aliyeniburuta, leo anangoja nimuombee, na mguu unaoza.

Nikamwendea mama. Nilidhani atanielewa.

"Kamuombee," akasema, akiendelea kuchambua mchele.

"Nitaomba vipi, mama? Kwa maneno gani?"

"Kikwao. Mimi namuombea kikwangu, kimya kimya, yeye hajui. Lakini mgonjwa anataka kusikia sauti." Akapuliza makapi. "Na sufuria si nilinunua nyingine."

Mama husahau upesi mpaka ananiudhi.

Aliyenipeleka kwenye kikundi ni Nelima, mteja wangu wa sigiri, anauza mitumba soko la Makindye. Mdomo wake haulali. "Sisi tuko wachache," aliniambia. "Jumatano jioni, kwa Esperance. Tunasoma Maandiko, tunajifunza kuomba. Hakuna mchungaji wa suti nyeupe, hakuna bahasha. Njoo, ila usije na bango."

Esperance ni fundi cherehani, Mkongo wa Bukavu. Sebule yake ndiyo karakana yake. Siku ya Jumatano cherehani husukumwa ukutani na vipande vya kitenge hufagiliwa chini ya kochi. Anayeongoza ni mzee Cleopas, aliyekuwa akiendesha malori ya Mombasa mpaka mgongo ukamkatalia. Anasoma polepole, kidole juu ya mstari, na akifika mahali asipopaelewa husema, "Hapa sijapaelewa," kisha anaendelea. Nilimpenda kwa hilo.

Lakini mengine yote yalinichanganya. Nilivua viatu mlangoni, nikauliza maji ya kunawa yako wapi. Wakatazamana. Nikauliza tunaelekea upande gani.

"Upande wowote," Nelima akasema. "Usiitazame tu televisheni."

Mzee Cleopas akafungua mafundisho. "Dada yetu ni mgeni, basi tuanze mwanzo. Kuomba si kitu kigumu. Ni kuzungumza na Baba."

"Baba wa namna gani?"

"Kama unavyozungumza na baba yako."

"Basi huyo simwambii kitu," nikasema.

Nelima akacheka, akaona uso wangu, akanyamaza. Cleopas alikuna kidevu. Akasema turukie mbele. Mtu huanza kwa sifa, halafu shukrani, halafu toba, halafu ndipo anatoa haja zake. Nilinyoosha mkono kama tunavyofanya chamani.

"Kwa nini nianze kwa sifa? Hivyo ndivyo wanavyotaka mawaziri. Maji hayapo mtaani, lakini kwanza mpigie makofi, kwanza mumvishe shada, kina mama wacheze ngoma juani. Sifa kabla ya haja ni hongo, mzee."

"Lakica!" Nelima akasema.

"Muache," Cleopas akamwambia. Akafikiri. "Mimi dada, nikianza na haja zangu simalizi. Mgongo, watoto, lori lile walilouza. Nikianza na sifa napumzika kidogo na habari zangu. Kama ni hongo, sijui. Sikuwahi kuiona hivyo."

Mimi nikishindwa kwa hoja huwa nakasirika. Ndipo wakasimama kuomba, wote pamoja, kila mtu kwa sauti yake. Esperance alikuwa analia kwa Kiswahili cha kwao, Nelima anaharakisha kama anayenadi blauzi, mzee Cleopas ananguruma chini chini. Sikuelewa hata sentensi moja. Nimeendesha mikutano ya mafundi wenye nyundo mkononi na haijawahi kuwa hivyo. Nikapiga kiganja kwenye meza ya cherehani.

"Mmoja mmoja! Mnaongea wote, anasikiliza nani?"

Nelima alifungua jicho moja.

"Anasikiliza Yeye," akasema.

"Wote kwa mara moja?"

"Ndiyo kazi yake, maama. Wewe kaa."

Nikakaa. Niliondoka pale nimeapa sirudi. Kesho yake nikapitia wodini. Harufu ya mguu ilinipokea kabla sijafika kitandani, na wagonjwa walikuwa wamelala mpaka chini ya madirisha, na muuguzi alikuwa anatuelekeza duka la nje tukanunue glavu zao za kazi, kama vile sisi ndio tuliozila. Nilitaka kuanza kelele hapo hapo. Baba akanishika kidole. "Hapana hiyo," akasema. "Ile nyingine. Umeshajifunza?"

Jumatano iliyofuata nilirudi kwa Esperance.

Safari hii niliwaeleza yote: mguu, reli, mikono ya baba. Sikuwa nimekusudia kueleza. Nilipomaliza, mzee Cleopas hakufundisha. Alisema tu, "Dada, tukuwekee mikono."

Nikasema sawa. Mtu akishasema yote yale, atakataa nini tena? Nikasimama katikati ya chumba, nikafumba macho kama walivyofumba. Kiganja cha Cleopas kikatua kichwani. Cha Nelima begani. Halafu Esperance, ambaye nilidhani yuko mbele yangu, akanijia kwa nyuma, na mikono yake ikaingia chini ya makwapa yangu.

Nikalegea.

Sikuamua. Mwili ulifanya ulichozoea: magoti yakaachia, shingo ikaachia, nikaenda chini mzima mzima. Esperance alijaribu kunidaka, tukashuka pamoja juu ya mabaki ya vitenge.

"Haleluya!" Nelima akapiga ukelele. "Bwana asifiwe! Mmeona? Mmeona?"

"Ni Roho, mama! Ni Roho ndiye alimuangusha!" Esperance alikuwa analia na kucheka.

Nilitaka kuinuka niwaambie. Kabisa nilitaka. Lakini nilipokuwa pale chini nilikuwa nangoja kitu kingine, maana mimi nikilegea huwa kuna kinachofuata: kushikwa miguu, kuburutwa, kokoto mgongoni, bodi ya gari. Nikangoja. Hakuna aliyeniburuta. Mtu alinifunika miguu kwa kitenge ili gauni lisinipande. Mtu alinitoa uzi uliokuwa umenishika shavuni. Wakaendelea kuomba juu yangu kwa sauti ya chini, wote kwa pamoja kama kawaida yao, na mimi nikiwa pale sakafuni nikaanza kutokwa na machozi, na mpaka leo sijui yalikuwa ya nini. Ya hasira nayajua. Yale hayakuwa ya hasira.

Nilipoketi nikasema, "Sikilizeni. Sikuangushwa. Nimezoea hivi na polisi."

"Kila mtu ana namna yake ya kueleza," Nelima akasema huku ananipangusa vumbi.

"Nelima, nisikilize. Ni mbinu. Nimewafundisha watu mbinu hii."

"Ndiyo, ndiyo. Kunywa maji."

Mzee Cleopas alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda. Yeye hakuwa amepiga haleluya. Akaniuliza, "Ulipokuwa pale chini, uliomba?"

"Sijui."

"Roho alikuwepo?"

"Mzee, mimi ndiye ninayekuuliza wewe!"

"Na mimi sijui," akasema. "Mtu akikuuliza, mwambie hivyo hivyo. Usiongeze, usipunguze."

Lakini Nelima alikwisha kuongeza. Asubuhi alimsimulia mama sokoni. Mama alipopeleka uji wodini akamsimulia baba. Nilipofika nilimkuta amenyolewa ndevu, amevaa shati safi, mikono imenyooka ubavuni juu ya blanketi kama yuko gwarideni. Hati ya kukubali kukatwa ilikuwa juu ya kabati. Hakuwa ameitia saini.

"Nimesikia," akasema. Sikuwahi kuuona uso ule. "Roho amekuangusha chini. Sasa mdomo wako uko na nguvu. Omba, nitie saini, wakate mchana huu. Daktari amesema leo, la sivyo ni mpaka juma lijalo, na juma lijalo..." Akaonyesha goti kwa kidevu.

Akafumba macho akangoja.

Haya, ungefanya nini? Nikinyamaza, anasaini na anapona. Nilikuwa na neno moja tu la kumeza. Nimewaona wengi wakimeza neno moja kama hilo, wenye vyeo, wenye suti, na nimewatukana hadharani kwa majina yao. Mzee Cleopas alisema usiongeze, usipunguze. Yeye hakuwa ananusa mguu ule.

"Mzee," nikasema. "Sikuangushwa. Nililegea."

Macho yakafunguka. "Kama pale reli?"

"Kama pale reli. Mwanamke alinishika kwa nyuma, kama wewe ulivyonishika."

Hatukuwahi kulitaja jambo hilo, hata siku moja, yeye na mimi.

"Ulikuwa mzito," akasema.

"Nilikusudia."

"Kwa hiyo hujui kuomba."

"Sijui. Nimekwenda kufundishwa, sijaelewa. Wanaongea wote pamoja. Nilipolala chini kulikuwa na kitu, lakini sijui ni nini, na siwezi kukuuzia kitu nisichokijua."

"Na mimi zile sala za kukariri nimezimaliza zote hapa. Mguu unanuka tu." Akageuza uso ukutani. "Basi. Waambie waache. Kama wewe hujui na mimi sijui, niende nao mguu wangu."

Hapo ndipo hasira ilinipanda. Ile ninayoijua. Nikafumba macho, sijui kwa nini nilifumba.

"Sikiliza wewe!" nikasema.

"Nasikia," baba akajibu.

"Si wewe! Au na wewe pia, sijui. Sikilizeni." Wagonjwa wa vitanda vya karibu walikuwa wameweka vijiko chini. "Sijaja kukusifu. Leo sikusifu. Huyu mzee anaitwa Tarcisio, wewe unamjua. Alimwacha mama yangu na mtoto mgongoni. Alikuja kubomoa kibanda cha mwanamke aliyekuwa akimpikia. Akaniziba mdomo kwa mkono huu huu uliopo hapa juu ya blanketi. Wewe uliona yote ukanyamaza, kwa hiyo na wewe nina neno nawe, ila siyo leo. Leo nataka mguu ukatwe, mtu abaki. Usimchukue. Sijamaliza naye. Hajanijibu hata moja, na mtu haruhusiwi kutoka mkutanoni kabla hajajibu."

"Mwambie na sufuria," sauti ya baba ikasema.

Nikafungua macho. "Sufuria?"

"Sufuria ya maharage ya mama yako. Mimi nilikanyaga. Niliiona. Njia ilikuwepo ya kupita, nikakanyaga." Alikuwa bado anatazama ukuta. "Mwambie na hiyo. Usimfiche."

Yule mwenye kovu, niliyemtaja kwa kipaza sauti miaka yote, hakuwa ameigusa. Nilikuwa nikijivunia kwamba mimi sisahau, na jambo lenyewe lilikuwa limekaa mahali pasipo pake. Nilitaka kumpiga baba. Nilitaka pia kumfunika miguu. Vyote viwili vilikuja kwa pamoja, kama wale watu sebuleni kwa Esperance, na sikujua nisikilize kipi.

"Na sufuria pia," nikasema kwa Yule niliyekuwa nazungumza naye. "Umesikia mwenyewe."

Halafu nikakwama. Sikujua inafungwaje. Mzee Cleopas alinifundisha mwanzo, hatukufika mwisho. Mimi najua mkutano, na mkutano hufungwa kwa namna moja tu, basi nikasema hilo nililolijua:

"Wanaounga mkono?"

Baba akainua mkono. Polepole, kiganja wazi, mrija wa dripu ukining'inia. Akaushikilia juu mpaka nikahakikisha nimeuona.

"Amina," akasema. "Lete kalamu."

Muuguzi aliyekuwa amesimama kwenye mlango na sinia lake alitoa kalamu mfukoni mwenyewe. Baba akaandika jina lake lote, na namba yake ya jeshi, ambayo hakuna aliyemuuliza. Walikuja na kitanda cha magurudumu. Alipopita mbele yangu hakusema asante na mimi sikusema nenda salama. Alisema tu, "Nikirudi, uliza yale mengine." Wakamsukuma, mlango ukajifunga.

Nikabaki nimesimama kwenye nafasi iliyoachwa na kitanda. Niliomba? Nilitukana? Kama niliomba, nilimwambia nani, maana nusu ya maneno ilimwendea aliyekuwa kitandani. Nikaanza kukunja blanketi lake ili mikono iwe na kazi.

"Dada."

Ni mtu wa kitanda cha pili, mwembamba, mgongo umefungwa plasta. Mkono wake ulikuwa bado uko juu. Sikujua aliuinua saa ngapi.

"Dada, mimi niliunga mkono," akasema. "Sasa na mimi uniombee. Wananipeleka kesho."

"Mimi sijui kuomba, bwana. Hukusikia?"

"Nimesikia. Nataka hiyo hiyo."

Nikamtazama. Nikatazama mlango waliopitia na baba. Mlango haukufunguka.

"Umemkosea nani?" nikamuuliza.

Akawaza kidogo. "Wengi."

"Haya, sogea."

Akasogea kwa shida. Nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, nikafumba macho, halafu nikayafumbua tena, maana hata jina lake nilikuwa sijamuuliza.